Jinsi ya kufunga homu thieta, risiva na TV bila kuunguza kitu

Leo sina siasa wala udaku, nina nyaya. Mziki wa sebuleni ukishanunuliwa, mambo ni yaleyale kila nyumba: boksi linafunguliwa, zinatoka spika tano na sabufa, zinatoka nyaya kama utumbo wa mbuzi, halafu kijana aliyemaliza fomu foo anaambiwa "si wewe ndiye msomi, haya tufungie". Mimi nimeshaambiwa hivyo nyumbani, kwa majirani, na kwenye banda la kuonyesha mpira. Sasa naandika kila kitu hapa sehemu moja. Ukiwa kafe nakili kwenye daftari au piga picha kwa simu, maana ukishaingia nyuma ya meza ya TV na tochi mdomoni hutakumbuka kitu.

Kabla ya waya wowote, shika hili: picha na sauti ni safari mbili. Picha inatakiwa ifike kwenye TV. Sauti inatakiwa ifike kwenye spika. Kuna wakati zinasafiri kwenye waya mmoja, kuna wakati kila moja ina njia yake. Karibu kila mtu aliyeniita kwa sababu "mziki ni mbovu", mziki wake ulikuwa mzima kabisa, ila sauti ilikuwa imeishia kwenye TV, haina njia ya kwenda kwenye spika. Kwa hiyo ukikwama usianze kuchomoa chomoa. Chukua karatasi, chora kila kifaa kama kiboksi, halafu chora mishale: picha inatoka wapi inakwenda wapi, sauti inatoka wapi inakwenda wapi. Mshale usipofika, hapo ndipo tatizo lilipo.

MAJINA YANAYOCHANGANYA WATU

Mtaani kwetu ukisema risiva watu wanajua ile ya dishi. Kwenye habari za homu thieta, risiva ni kifaa kingine: ni kile kidude kikubwa kizito kinachopokea sauti na picha kutoka kwenye king'amuzi, deki, gemu na kadhalika, kinatuma picha kwenye TV, na kinasukuma umeme wa sauti kwenye spika. Mafundi wengi wanaiita amplifaya tu. Humu nitasema risiva ya mziki ili tusipotezane.

Halafu kuna homu thieta ya boksi, ile ambayo deki ya DVD na amplifaya viko kwenye mwili mmoja na spika zake zimekuja na plagi za rangi. Na kuna sabufa, ambayo amplifaya imefichwa ndani ya sabufa yenyewe, na spika ndogo zinachomekwa mgongoni kwake. Zote tatu zinafanya kazi ileile, tofauti ni idadi ya matundu. Risiva ya mziki ina matundu mengi, homu thieta ya boksi ina machache, sabufa mara nyingi ina tundu la AUX na USB basi.

VOLTI KWANZA, MENGINE BAADAYE

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoungua.

Risiva nyingi nzuri mtaani ni mtumba, na mtumba mwingi wa vifaa vya mziki unatoka Japani. Umeme wa Japani ni volti 100. Wa Marekani ni volti 120. Wa kwetu Tanzania ni volti 230, Kenya ni 240. Geuza kifaa, tafuta stika karibu na waya wa umeme. Ikiandikwa AC 100V peke yake, ukikichomeka ukutani moja kwa moja unakipa zaidi ya mara mbili ya umeme kiliotengenezewa. Ikiandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi, kinajirekebisha chenyewe. Ikiandikwa 220-240V, hicho ni cha huku kwetu.

Jirani yangu mmoja alinunua risiva ya Kijapani kwa muuzaji wa mtaani, spika za mbao, kitu cha maana. Alipochomeka ilitoa mlio mmoja kama wa kuvunja kijiti, halafu harufu, halafu moshi. Akairudisha. Muuzaji akamwambia "mbona ilikuwa nzima hii". Na kweli ilikuwa nzima, Japani. Kilichotakiwa ni transfoma ya kushusha volti, na transfoma yenyewe iwe na wati nyingi kuliko zile zilizoandikwa kwenye stika ya risiva. Stika ikisema wati 250, usinunue transfoma ya wati 100 kwa kuwa ni ya bei rahisi. Itachemka, na kitu kinachochemka usiku nyuma ya pazia si kitu cha kuchezea.

Jambo lingine ambalo nyumba nyingi wanalifanya: plagi ya pini mbili inagoma kuingia kwenye soketi ya matundu matatu, basi mtu anachukua kalamu au kijiti, anabonyeza tundu la juu, anasukuma plagi. Yale mapazia ya plastiki ndani ya soketi yamewekwa kuzuia watoto wasiingize kitu kwenye umeme, na wewe ndiyo umeyafungua. Isitoshe zile pini za mviringo hazikai vizuri mle, zinacheza, zinatoa cheche, soketi inaungua taratibu. Adapta ni bei ya soda chache tu. Nunua.

Na wakati wa kufunga, chomoa kila kitu ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, chomoa kabisa. Umeme unaweza kukatika na kurudi wakati umeshika waya wa spika, na umeme unaorudi mara nyingi hurudi na kishindo. Ndiyo maana kile kifaa ambacho watu wanafungia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, ni kizuri pia kwa risiva na TV.

NYAYA NA KAZI ZAKE

Waya wa AV ni ule wa rangi tatu. Njano ni picha, nyekundu ni sauti ya kulia, nyeupe ni sauti ya kushoto. Vichwa vyake vinaitwa RCA, jina la kampuni ya Marekani ya Radio Corporation of America, na vimekuwepo tangu miaka ya 1930, kwa hiyo usiudharau waya huu, una umri kuliko babu zetu wengi. Picha yake si kali, lakini sauti yake kwa matumizi ya kawaida haina shida kabisa.

Kuna wengine wenye nyekundu, kijani na buluu. Huo unaitwa komponenti na ni wa picha TU, hata ile nyekundu. Watu wanachanganya nyekundu hiyo na nyekundu ya sauti, wanapata mlio mbaya na picha yenye rangi za ajabu.

HDMI ulianza mwishoni mwa 2002. Unabeba picha na sauti pamoja, vyote vya kidijitali. Ukiwa na nafasi ya kuutumia, utumie huu.

Optikali ni waya mwembamba unaopitisha mwanga badala ya umeme, ulitengenezwa na Toshiba mwaka 1983. Ni wa sauti tu. Mambo mawili kuhusu huu: kwanza, ukiwa mpya una vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha, vitoe. Nimeona mtu akiulazimisha na kifuniko chake mpaka mlango wa tundu ukavunjika. Pili, usiukunje kama waya wa pasi, ndani ni uzi wa kupitisha mwanga na ukivunjika umekwisha. Kuujua kama mzima ni rahisi: chomeka upande wa TV, washa, tazama ncha ya pili, utaona taa nyekundu.

Koaksiali ya kidijitali inafanana na RCA ya kawaida na ina kichwa kimoja tu, mara nyingi cha rangi ya chungwa. Kazi yake ni kama ya optikali.

Angalizo kwa wenye ving'amuzi vidogo. Vingi vina tundu dogo la duara kama la hedifoni, na waya wake unatoka matundu hayo kwenda vichwa vitatu vya AV. Nyaya hizi hazifanani ndani hata kama kwa macho ni zilezile. Ukitumia wa kifaa kingine unaweza kupata picha kwenye kichwa chekundu na sauti kwenye cha njano. Kabla hujasema king'amuzi kimekufa, badilishana vichwa kwanza.

SASA TUFUNGE

Mwenye risiva ya mziki yenye HDMI ana raha kuliko wote. Kila chanzo, iwe king'amuzi, deki au gemu, kinaingia kwenye risiva kupitia tundu lake la HDMI IN. Kutoka kwenye risiva unatoa waya MMOJA tu, HDMI OUT, unakwenda kwenye TV. Picha inapita, sauti inabaki kwa risiva na kwenda kwenye spika. Ukitaka kubadili kutoka king'amuzi kwenda gemu unatumia rimoti ya risiva, TV huigusi tena.

Lakini je, kama unaangalia kitu kilichomo ndani ya TV yenyewe, mfano YouTube ya smati TV, au flashi uliyochomeka kwenye TV? Hapo sauti inazaliwa ndani ya TV na inatakiwa irudi nyuma kwa risiva. Ndiyo kazi ya ARC, iliyokuja na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009: waya uleule wa HDMI unarudisha sauti. Masharti yake ni matatu na yote lazima yatimie. Kwenye TV uwe umechomeka kwenye tundu lililoandikwa ARC, si lolote lile. Kwenye risiva uwe kwenye HDMI OUT yenye neno ARC. Na kwenye menyu ya TV uwashe CEC, ambayo Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita Simplink na Sony wanaiita Bravia Sync, halafu upande wa sauti uchague risiva au spika za nje. Ukiona eARC ni ARC iliyoongezewa uwezo, inaanzia toleo la 2.1 la mwaka 2017.

Kama risiva ni ya zamani na TV ni mpya ya 4K, risiva inaweza ikaishusha picha au ikaizuia kabisa. Usiitupe. Peleka vyanzo moja kwa moja kwenye TV kwa HDMI, kisha toa sauti kutoka TV kwenda risiva kwa optikali. Picha safari yake, sauti safari yake.

Mwenye homu thieta ya boksi: nyingi zina HDMI OUT lakini hazina HDMI IN. Maana yake inaweza kutoa picha ya deki yake kwenda kwenye TV, lakini haiwezi kupokea king'amuzi kwa HDMI. Hapa ndipo watu wengi wamekwama tangu ving'amuzi viingie, yaani tangu Dar es Salaam ilipozima mitambo ya analojia 31 Desemba 2012 na Kenya nao wakamaliza ya kwao 2015. Dawa yake ni hii: king'amuzi kipeleke picha kwenye TV kwa HDMI, halafu kutoka kwenye king'amuzi hichohicho chukua waya wa AV, acha njano inaning'inia, chomeka nyekundu na nyeupe kwenye AUX ya homu thieta. Punguza sauti ya TV mpaka sifuri. Chagua AUX kwa rimoti ya homu thieta. Umemaliza, na hujanunua chochote.

Sabufa ni vilevile, AUX. Kama TV mpya haina AV ya kutoka wala tundu la hedifoni, ina optikali tu, utahitaji kiboksi kidogo cha kugeuza sauti ya kidijitali kuwa ya RCA. Ukishakifunga, ingia menyu ya sauti ya TV, badili kutoka "Auto" au "Bitstream" kwenda "PCM". Vingi vya viboksi hivyo vya bei rahisi havielewi kitu kingine, na usipobadili utapata ukimya mtupu au makelele kama mvua ya bati.

SPIKA

Spika zina nyaya mbili, chanya na hasi. Upande mmoja wa waya una mstari, au rangi nyekundu, au maandishi. Chagua kwamba wenye mstari ni chanya, halafu usibadili msimamo kwenye spika yoyote. Ukigeuza moja, haitaungua, lakini koni moja itakuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakuwa kama inatoka chooni. Zungusha nyuzi za shaba vizuri kabla ya kuziingiza, kwa sababu uzi mmoja ukitoka nje na kugusa upande wa pili umetengeneza shoti.

Omu. Nyuma ya risiva kuna maandishi kama 6-16Ω au 8Ω. Nyuma ya spika pia. Spika isiwe na omu chache kuliko risiva inavyokubali. Wale wa banda la mpira ndio wanaopenda kuongeza spika: tundu moja, spika mbili, kisha nne. Spika mbili za omu 8 ukizifunga sambamba zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Risiva inaona hiyo ni karibu na shoti, inachemka, na siku ya fainali ndiyo inazima. Tena yenye bahati ndiyo inayozima, isiyo na bahati inakufa.

Kupanga: senta inakaa chini au juu ya TV, maana maneno mengi ya filamu yanatoka humo. Mbele kushoto na kulia zikae umbali sawa kutoka kwako, zikiwa usawa wa masikio. Zile mbili za saraundi ziwe ubavuni kwako au nyuma kidogo tu. Usizitundike zote juu ya kabati la vyombo upande mmoja, nimeziona. Sabufa haichagui sana, ila ukiiweka kwenye kona besi inaongezeka. Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye bati moja kwa vyumba sita, iondoe konani kabla mama mwenye nyumba hajaiondoa.

Hiyo 5.1 ni spika tano pamoja na njia moja ya besi pekee, ndiyo ".1". Filamu ya kwanza kwenda sinema na Dolby Digital ilikuwa Batman Returns ya 1992. DTS wakafuata na Jurassic Park mwaka 1993.

HIZO WATI 10,000

Boksi la sabufa limeandikwa 10,000W PMPO. Hebu tupige hesabu ya fomu two. Plagi yetu ina fyuzi ya ampia 13. Mara volti 230 unapata wati 2,990. Sabufa gani hiyo inayotoa wati 10,000 mfululizo kutoka kwenye soketi inayotoa chini ya 3,000? PMPO haina kipimo kinachofanana kwa wote, kila mtengenezaji anajiandikia. Tafuta RMS. Isipokuwepo, angalia stika ya nyuma inasema kifaa kinakula wati ngapi. Ikisema 60, huo mziki hauwezi kutoa zaidi ya 60, hata boksi liimbe namna gani. Wauzaji hawapendi ukigeuza kifaa kutazama stika, lakini pesa ni yako.

IKIGOMA

Hakuna sauti kabisa: angalia chanzo kilichochaguliwa kwenye rimoti kwanza. Mara nyingi risiva ipo kwenye FM au USB na wewe umechomeka AUX.

Spika za nyuma kimya: huenda hazina tatizo. Matangazo mengi ya king'amuzi ni ya njia mbili tu, kushoto na kulia, na waya wa nyekundu na nyeupe nao hauwezi kupitisha zaidi ya hapo. Tafuta kitufe cha Pro Logic, au kile cha kuzitoa zote sauti moja, mara nyingi "All Channel Stereo". Kwa banda la mpira hicho ndicho bora.

Mngurumo wa "uuummm" usiokwisha: chomoa waya wa antena au dishi. Ukikoma, umeme unazunguka kupitia waya huo. Chomeka TV, king'amuzi na mziki kwenye ekstensheni moja yenye ethi, mara nyingi unaisha. Usikate pini ya ethi kama baadhi ya mafundi wanavyoshauri, unaua mngurumo na kesho unaweza kumuua mtu.

Midomo ya mtangazaji haiendani na sauti: TV inachelewa kuchakata picha. Kwenye risiva au TV kuna setingi ya "Audio Delay" au "Lip Sync", ongeza kidogo kidogo huku ukitazama mtu anayesoma habari. Sauti ikiwa ndiyo iliyochelewa, rudisha setingi hiyo kwenye sifuri, na chagua PCM kwenye king'amuzi.

Mwenye swali adondoshe hapo chini. Taja aina ya TV na uandike majina ya matundu yote yaliyopo nyuma ya kila kifaa kama yalivyoandikwa, maana ukiniambia tu "mziki wangu hautoi sauti" na mimi nitakuuliza tu kama umechomeka.